Mashua zilezile, taa mbili: hiyo ni jozi

Ndugu, umeuliza kama mashua zako 12 za Bagamoyo, zilizovua dagaa kwa karabai kisha kwa taa za sola, ni sampuli huru (makundi mawili yasiyohusiana) au za jozi (kila kipimo kina mwenzake). Ni jozi. Mashua yenye nahodha hodari itajaza ndoo kwa taa yoyote, na tofauti hiyo ndiyo unayotaka kuiondoa. Toa kilo za karabai kwenye kilo za sola, mashua kwa mashua, ubaki na safu moja ya namba 12, kisha fanya jaribio la t juu ya wastani wake, yaani uone kama uko mbali na sifuri kuliko bahati tu. Digrii za uhuru (hapa ni idadi ya tofauti ukitoa moja) ni 11, si 22 za sampuli huru, usiogope.

Ila kama karabai uliipima wakati wa giza na sola kwenye mbalamwezi, jozi haitakuokoa. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawakusanyiki sana taani.