Kuwatangazia bidhaa watu walioko kazini: je, pato ni haramu?

SWALI: Assalaamu alaykum, Sheikh. Niko Chikongola, Mtwara mjini, nauza madera na mikoba kwa stetasi ya WhatsApp. Nikirusha picha saa nne asubuhi nauza kuliko usiku, kwa kuwa wateja wangu wengi ni walimu, wauguzi na makarani, na saa hiyo wako kazini na simu mkononi. Juzi mwalimu mmoja aliagiza dera kwa ujumbe wa sauti, nikasikia nyuma yake watoto wakiitikia "ba, be, bi". Ustadhi wa mtaani kwetu anasema nawasaidia kuiba muda wa mwajiri, ni mbinu ya makafiri, na pesa yote ni haramu niitoe. Nina watoto watatu, baba yao hayupo. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam, binti yangu. Swali lako nimelisoma mara mbili. Kilichoniuma ni hilo neno "itoe yote" kuambiwa mama anayelea peke yake, bila hata kuulizwa anauzaje.

Ustadhi ameshika aya ya Suratul Maida: "wala msisaidiane katika dhambi na uadui." Aya ni haki, ila ameiweka pasipo pake. Wanazuoni wetu wa Kishafii walipojadili kumuuzia zabibu mtengeneza ulevi walitenganisha: ukijua ndiyo kazi atakayoifanyia, ni haramu, ukishuku tu, ni makuruhu, yaani si haramu ila kuacha ni bora. Na pale bidhaa yenyewe ndiyo inayogeuzwa maasi. Dera haligeuki pombe! Stetasi nayo inakaa saa 24, haimwiti mtu kwa jina. Anaifungua anapotaka mwenyewe.

Tena, mfanyakazi hana dakika yake hata moja? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko yasiyopungua dakika 60. Mama wa vitumbua anakwenda kwenye geti la ofisi saa nne kwa kuwa anajua ndiyo saa ya chai. Ustadhi vitumbua vile anavila.

Kuhusu makafiri: ni kweli Marekani mwaka 2005 wafanyabiashara waliipa jina Cyber Monday ile Jumatatu inayofuata sikukuu yao ya Shukrani, kwa kuwa watu wakirudi ofisini walinunua kwa intaneti ya huko, iliyokuwa na kasi kuliko ya nyumbani. Lakini kumfuata mnunuzi wakati wake hakukuzaliwa Marekani. Wenye majahazi wa Mikindani walikwenda na pepo za kaskazi na kusi, na wauza vitenge wa leo wanangoja malipo ya korosho.

Yule mwalimu ni habari nyingine. Pale hukudhani, ulisikia. Muda wa kipindi ni amana aliyolipwa, na watoto wale wana haki yao. Dhambi ya kuliacha darasa ni yake, lakini ukiendelea kumchagulia rangi na saizi, nawe umeingia. Mwambie, "Mwalimu, tumalizane ukitoka." Muuguzi aliye wodini vivyo hivyo.

Ijumaa ndiyo nakaza. "Acheni biashara" ni maneno ya Suratul Jumua, aya ya 9. Khatibu akishakaa mimbarini na adhana ikaadhiniwa, wewe mwanamke sala ya Ijumaa haikulazimu, lakini ukimuuzia mwanamume inayemlazimu mnapata dhambi wote wawili, ingawa mauzo yanasihi, yaani hayabatiliki. Ajabu, saa hiyo moja yenye nassi, yaani andiko la wazi, ustadhi hakuitaja.

Na hili hukuniuliza: wauzaji wa mitandaoni wanapenda kuandika "imebaki moja tu" ili mtu aliye na haraka kazini asipate kufikiri. Kama ndani unazo kumi, hiyo ndiyo pesa ya kuiogopa. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema mwenye kutughushi si katika sisi.

Ulizokwisha kupata usizitoe. Hata ya dera la mwalimu ni yako: bei mlikubaliana na nguo ni halali. Mpelekee jioni, na pesa yake wanunulie watoto daftari.

Wallahu aalam.