Maswali ya Wasomaji: Mkoba wa Nellie Bly

SWALI: Inasemekana Nellie Bly, mwandishi wa gazeti la New York World, alizunguka dunia kwa siku 72 akiwa na mkoba mmoja tu. Ulikuwa na nini? Na habari zake zilifikaje gazetini?

JIBU: Mkoba ulikuwa mmoja kweli, tena mdogo: upana inchi 16, kimo inchi 7. Alitia kofia mbili, shela tatu, sapatu, nguo za ndani, leso, sindano na nyuzi, kikombe, kidau cha wino, kalamu na karatasi. Kilichomtoa jasho ni kopo la krimu ya uso. Kila akitaka kufunga mkoba, ndilo lililogoma kuingia. Gauni la kubadilisha hakuwa nalo. Alilovaa lilishonwa kwa siku moja, la kitambaa kizito cha buluu. Pesa zake, pauni 200, aligawa: noti kwenye kifuko cha ngozi shingoni, baadhi ya dhahabu mfukoni.

Ubishi nao ulichangia achukue mkoba mmoja tu. Meneja wa gazeti alidai mwanamke hawezi safari hiyo, maana masanduku yake yangemchelewesha kila anapobadili chombo.

Aliondoka Hoboken, karibu na New York, tarehe 14 Novemba 1889. Habari fupi zilipita kwa telegrafu. Barua ndefu zilisafiri kwa meli, polepole kama yeye mwenyewe. Gazeti likabaki na kurasa za kujaza, ndipo likaanzisha shindano la kubashiri muda wake hadi sekunde, zawadi safari ya Ulaya.

Siku zilipotea zaidi bandarini kuliko baharini. Colombo alikwama siku tano kungoja meli Nepaul, Hong Kong akasubiri tena hadi 28 Desemba. Alipofika San Francisco, theluji ilikuwa imefunga reli ya kati, kwa hiyo gazeti likamkodia treni maalumu kwa njia ya kusini. Alishuka Jersey City, jirani na Hoboken alikoanzia, 25 Januari 1890. Mpinzani wake Elizabeth Bisland, aliyetumwa siku ileile Bly alipoondoka na jarida la Cosmopolitan kwa kuelekea magharibi, alifika tarehe 30.

Lakini anayetaka kumjua Bly kama mwandishi wa safari aanze na kitabu chake cha Meksiko cha 1888. Duniani alipita mbio. Meksiko alikaa miezi kadhaa, akatazama watu kwa utulivu, akaandika kuhusu waandishi waliofungwa chini ya Rais Porfirio Díaz wa nchi hiyo, mpaka naye akatishiwa kukamatwa na kulazimika kuondoka.