Mirija ya nyongo imeziba: kwa nini CT kwanza, na kwa nini mrija upitishwe ubavuni?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 63. Hii ni wiki ya tatu macho yake ni ya manjano, mwili unamwasha hadi halali, na choo kimekuwa cheupe. Ultrasaundi imeonyesha mirija ya nyongo ndani ya ini imepanuka. Tumeambiwa afanyiwe CT, kisha watu wa radiolojia wamwekee mrija kupitia ubavuni. Nilidhani kazi ya radiolojia ni kupiga picha tu. Kwa nini asipasuliwe mara moja tukamaliza? Halafu ana kisukari na anatumia metformini. Tumesikia dawa inayodungwa wakati wa CT huharibu figo.

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa kuuguza. Kazi hiyo ya mrija ndiyo ninayoifanya kila siku, kwa hiyo nitakueleza kama ninavyowaeleza ndugu wa wagonjwa wangu kabla hawajatia sahihi fomu ya ridhaa.

Nianze na CT, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha ndani ya mwili kipande kwa kipande, maana hapo wengi huhisi wanazungushwa. Ultrasaundi imefanya kazi yake vizuri: imesema nyongo haipiti. Lakini gesi ya utumbo mara nyingi hulificha kongosho na sehemu ya chini ya mrija mkuu wa nyongo, kwa hiyo bado hatujui njia imeziba wapi na imezibwa na nini: jiwe, kovu au uvimbe. CT hutuonyesha pia kama uvimbe umeshika mishipa mikubwa ya damu. Majibu hayo ndiyo yanayoamua kila kitu kinachofuata. Kizuizi kikiwa chini, karibu na kongosho, kwa kawaida hufikiwa kwa kamera inayopitishwa mdomoni. Kikiwa juu, pale mirija ya kulia na kushoto ya ini inapokutana, njia ya ubavuni mara nyingi hufika vizuri zaidi. Ikiwa mama ameelekezwa kwetu, yaelekea kizuizi kiko juu au njia ya mdomoni haikufaa. Muulizeni daktari wake ni lipi kati ya hayo.

Na CT itangulie mrija. Tukishaweka mrija, nyongo hushuka, mirija iliyopanuka husinyaa, na mrija wenyewe huacha vivuli kwenye picha. Mpasuaji atakayeisoma baadaye atakuwa amenyimwa nusu ya habari. Kuhusu mionzi, CT ya tumbo hutoa takriban milisiveti 8 hadi 10, yaani kama miaka mitatu au minne ya mionzi ya asili tunayoipata sote. Kwa hali ya mama, faida inazidi mno.

Sasa upasuaji. Haujafutwa. Uvimbe ukionekana unaweza kuondolewa wote, mpasuaji anaweza hata kuamua kuingia bila mrija wowote kutangulia. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010 ulihusu wagonjwa wenye saratani ya kichwa cha kongosho, na ulionyesha kwamba waliowekewa mrija kwanza kwa mazoea tu walipata madhara makubwa zaidi kuliko waliopasuliwa mapema. Lakini kuna wagonjwa ambao hawawezi kusubiri, au hawafai kupasuliwa: wenye maambukizi ndani ya nyongo, wenye umanjano uliopanda mno, ambao uvimbe wao hauondoleki, au wanaopaswa kuanza dawa za saratani, kwa kuwa nyingi ya dawa hizo haziwezi kutolewa kwa usalama ini likiwa limefurika nyongo. Kwa hao mrija ni tiba kamili ya tatizo lililopo, na ningependa mama asiuone kama dalili kwamba amekatiwa tamaa.

Kuhusu figo: dawa inayodungwa kwenye mshipa ina iodini, na huzifanya mishipa na viungo kuonekana wazi. Metformini yenyewe haigombani nayo. Hofu ni kwamba figo zikishindwa kazi, metformini itarundikana mwilini. Ndiyo maana hupimwa kwanza kreatinini, taka ya damu inayoonyesha figo zinavyochuja. Uchujaji wa figo ukiwa chini ya mililita 30 kwa dakika, au figo zikiwa zimeumia ghafla, metformini husimamishwa siku ya kipimo na kurudishwa baada ya saa 48 figo zikipimwa tena. Zikiwa nzima, kwa kawaida huendelea nayo. Umanjano wenyewe huziweka figo hatarini, kwa hiyo asikae na kiu siku nzima akisubiri zamu. Ulizeni saa gani hasa aache kunywa maji.

Kuna kipimo kingine ambacho ndugu huwa hawakiulizi, nami hukiangalia kabla ya vyote: damu yake inaganda? Bila nyongo kufika kwenye utumbo, mafuta hayanyonywi vizuri, na vitamini K, ambayo husafiri na mafuta, hupotea pamoja nayo. Ini hukosa kitu cha kutengenezea vigandishi. Mgonjwa anaonekana mzima, kumbe damu yake ni nyepesi. Vitamini K ya sindano mara nyingi huirekebisha hali hiyo. Tajeni pia kila dawa anayomeza, hata aspirini ndogo ya moyo.

Siku yenyewe hupewa antibiotiki kabla, dawa ya kumtuliza, na ganzi ubavuni au chini kidogo ya kidari. Kwa kuongozwa na ultrasaundi tunaingiza sindano ndefu yenye unene wa milimita 0.7 hivi, kisha tunadunga kidogo dawa ile ya iodini huku tukitazama skrini ya eksirei. Ikiwa tumeingia kwenye mshipa wa damu, dawa inakimbia na kutoweka. Ikiwa tumeingia kwenye mrija wa nyongo, inakaa, inatambaa polepole kama nta iliyoyeyuka, na matawi ya ini yanajichora moja baada ya jingine. Hapo chumba kizima hupumua. Waya hupita ndani ya sindano, sindano inatolewa, mrija wa karibu milimita 3 unafuata juu ya waya. Ni mbinu aliyoieleza daktari Seldinger wa Uswidi mwaka 1953, na hadi leo kazi yetu nyingi imesimama juu yake. Tukiweza, mrija tunauvusha kizuizi hadi kwenye utumbo, ili nyongo irudi inakotakiwa badala ya kupotelea yote kwenye mfuko wa nje uliounganishwa na mrija, pamoja na maji na chumvi za mwili. Baadaye, ikifaa, huwekwa bomba la chuma la ndani na mrija wa nje kuondolewa.

Hatari zipo. Kutokwa damu sana na maambukizi kuingia kwenye damu, kila moja hutokea kwa wagonjwa 2 hadi 3 hivi katika kila 100. Nyongo yenye wekundu siku ya kwanza haishangazi; damu tupu mfukoni ni dharura.

Mwasho hupungua ndani ya siku chache. Manjano ya macho hukawia wiki kadhaa, msife moyo. Nyumbani mfuko ukae chini ya usawa wa kiuno. Mrija husafishwa kwa mililita 5 hadi 10 za maji ya chumvi safi ya hospitali, kwa ratiba mtakayopewa: yasukumeni ndani taratibu, msivute nyuma, kwani kuvuta kunaweza kuingiza uchafu wa utumbo kwenye ini. Mrija hubadilishwa takriban kila miezi mitatu hata kama unatiririka vizuri.

Ninaloliogopa zaidi ni homa yenye kutetemeka. Nimewahi kumpokea mgonjwa aliyetetemeka tangu jioni, watoto wake wakasubiri kupambazuke ili wasimsumbue mtu. Alifika presha imeshuka. Alipona, lakini kwa taabu. Msisubiri asubuhi. Vivyo hivyo mfuko ukikauka ghafla na manjano yakaanza kurudi, au nyongo ikavuja pembeni ya mrija. Ukichomoka, msiurudishe wenyewe: funikeni tundu kwa chachi safi, mchukueni na mrija wenyewe, na mwende saa hiyo hiyo, kwa sababu njia mpya hujifunga haraka, na kuipitia ikiwa bado wazi kutamwepusha mama na kutobolewa upya.