Maswali ya saiti: cheche, pipa tupu na koki ya oksijeni

*Tulimaliza kuchomelea kenchi za chuma saa kumi, tukafunga saiti. Saa moja usiku jirani anapiga simu: maranda yanawaka. Moto ulitoka wapi, na tuliondoka pametulia?* (Fundi, Isevya, Tabora)

Ulitoka kwenu, ndugu yangu. Waulize wachoma mkaa wa Sikonge: tanuru unaliona limekufa, kumbe kaa li hai chini ya udongo. Cheche iliyozama kwenye maranda hufukuta vivyo hivyo, kimyakimya, mpaka upepo uikute. Kwa hiyo mkizima mashine, mtu mmoja abaki saa nzima, maji yakiwa karibu, akipekua pembeni na chini. Asiwe saidia fundi anayekusanya vifaa huku akitupa jicho. Mlinzi huyo wa moto asiwe na kazi nyingine, na awepo tangu cheche ya kwanza. Nasisitiza chini kwa sababu niliwahi kuona kipande chekundu cha nondo kikipenya tundu la bomba ghorofani, kikatua juu ya mifuko mitupu ya saruji. Wa juu, na grenda lake, hakuwa na habari. Moto ukiwazidi, Zimamoto ni 114.

*Nisogeze vitu vinavyoungua umbali gani kutoka tunapochomelea? Kiwanja changu kidogo.* (Ujiji)

Kanuni inayotumika sana ni mita 11, na cheche za grenda nazo zimo. Pakibana, lowesha mbao, ziba matundu, funika yasiyohamishika kwa kitambaa kisichoungua. Turubai la nailoni ni kuni tu.

*Nina pipa la dizeli, nataka nilikate mdomo liwe la maji. Limekauka kabisa.* (Kibirizi, Kigoma)

Acha. Kukauka unakokuona ni kwa macho. Mabaki yamejificha kwenye mishono, moto wa kukatia ukiyagusa yanageuka mvuke, na mvuke ukichanganyika na hewa ndani ya pipa, ni bomu. La petroli ndilo baya zaidi, hata likianikwa juani siku mbili. Pia, nani atakunywa maji yale? Nunua tangi la plastiki.

*Koki ya mtungi wa oksijeni imekaza. Naweza kuipaka mawese kidogo?* (Gungu, Kigoma)

Mawese, grisi, hata mafuta ya mihogo uliyokula mchana yaliyobaki vidoleni: hapana. Oksijeni yenye msukumo mkubwa ikikutana na mafuta huwaka bila kusubiri kiberiti. Mrudishie aliyekuuzia mtungi, na unawe mikono kabla ya kuushika.