Goti likiuma, si lazima iwe baridi yabisi

SWALI: Daktari, nina miaka 54, nauza mboga sokoni na nakaa kwenye kigoda kutwa nzima. Goti la kulia linauma nikiinuka au nikishuka ngazi. Majirani wanasema ni baridi yabisi. Dukani wananipa diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, nameza tangu mwaka jana. Je, ni kweli?
Mama Z., Morogoro

JIBU: Pole sana, mama. Tuanze na asubuhi: ukiamka, goti hukakamaa kwa muda gani? Likilegea ndani ya nusu saa, na maumivu yakazidi kadiri unavyolitumia, basi sababu inayoelekea zaidi ni kulika kwa gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo. Baridi yabisi haina tabia hiyo. Yenyewe hukakamaza viungo kwa saa nzima au zaidi, hupenda vidole vya mikono, na mara nyingi hushika pande zote mbili. Jongo nalo huja ghafla, hasa usiku, kidole gumba cha mguu kikavimba na kuwaka moto hata shuka huwezi kuivumilia.

Jipime hivi: lala, legeza mguu, mtu mwingine aukunje polepole. Akikunja yeye huumii, ila ukikunja mwenyewe unaumia, shuku misuli au kano, yaani nyuzi zinazounganisha misuli na mfupa. Maumivu ya mfupa huwa ya ndani kwa ndani na hayapoi hata ukipumzika. Hayo yanataka eksirei.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni hiyo diklofenaki. Ikimezwa muda mrefu huleta vidonda vya tumbo, huumiza figo na hupandisha presha. Iache, kapime presha na figo. Ukipata choo cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kama huna ugonjwa wa ini, tumia parasetamoli ya miligramu 500: vidonge 2, zipite saa 6 ndipo urudie, visizidi 8 kwa saa 24.

Kigoda nacho kibadili. Tafuta kiti ambacho ukikikalia magoti hayapandi juu ya nyonga. Ukiwa hapohapo kitini, nyoosha mguu, kaza paja, hesabu hadi 5, shusha taratibu. Mara 10, asubuhi na jioni. Paja lenye nguvu hulipunguzia goti mzigo. Wengi hukata tamaa wiki ya kwanza, ilhali nafuu huhitaji wiki 6 hivi.

Goti likivimba ghafla, likawa la moto, na homa ikapanda, wahi hospitali usiku huohuo. Huenda ni usaha ndani ya kiungo, nao huharibu gegedu ndani ya siku chache.