Mwanangu, kukaa garini nako ni kazi

Mwanangu,

Umeniuliza: "Mama, nivumilie mpaka kipindi cha matazamio kiishe, au niseme sasa?" Mkataba unasema saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, lakini wewe unatoka saa tatu usiku. Kila Jumapili mchana uko barabarani ili Jumatatu asubuhi uwe mezani kwa mteja, na Jumapili hiyo hakuna anayeihesabu. Meneja wako anakwambia posho ya safari unapewa, basi mmemalizana.

Naanzia hapo kwenye posho, maana ndipo niliposhtuka. Posho ni ya kitanda na mlo wa ugenini. Inakurudishia gharama ambazo usingeingia kama ungelala kwako. Muda wako haiugusi. Anayekupa posho halafu akasema ameshakulipa Jumapili, amekupa nauli ya kwenda kumtumikia bure.

Neno langu unalijua, mmelifanyia utani tangu mko shule ya msingi: saa ambayo huruhusiwi kuwa kwingine ni saa ya yule aliyekuzuia. Wala sikuliokota njiani. Nilipokuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi tulifundishwa mikataba ya Shirika la Kazi Duniani. Ule wa kwanza kabisa, wa mwaka 1919, uliweka saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki kwa watu wa viwandani. Mimi niliupenda ule wa 30, wa mwaka 1930, wa watu wa biashara na maofisini, kwa sababu unaeleza saa za kazi ni zipi: ni muda ambao mwajiriwa yuko chini ya matakwa ya mwajiri. Haukusema awe ameshika kalamu au nyundo.

Ila usije ukachukua na safari yako ya kila asubuhi kwenda ofisini ukaiweka humo. Hiyo karibu kote ni yako mwenyewe. Ya kutoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine katikati ya siku, hiyo ni kazi, na wachache watabisha. Jumapili yako iko katikati ya hizo mbili, na hapo katikati ndipo watu wanapogombana miaka yote. Marekani, mwaka 1946, wafanyakazi wa kiwanda cha vyombo vya udongo walishinda Mahakama ya Juu: hata muda wa kutembea kutoka getini mpaka penye mashine uhesabiwe. Mwaka uliofuata, 1947, Bunge lao likatunga sheria ya kuwapokonya ushindi huo. Ulaya nako, mwaka 2015, mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kuhusu mafundi wasio na ofisi maalumu kwamba safari ya kutoka nyumbani kwenda kwa mteja wa kwanza, na ya kurudi kutoka kwa wa mwisho, ni muda wa kazi. Nilipolisoma hilo nilimwita baba yako kwa kelele. Naye, kwa tabia yake, akasoma mpaka chini kabisa, akanionyesha palipoandikwa kuwa malipo ya muda huo ni suala la sheria za kila nchi. Kwa hiyo kuhesabiwa ni jambo moja, kulipwa ni jingine. Sikupenda, lakini ndivyo.

Haya ungeweza kuyasoma bila mimi. Lililonishikisha kalamu ni habari ya yule mzee dereva, ambayo dada yako anaijua nusu, nawe ulikuwa mdogo.

Nilikuwa nahesabu mali kwenye stoo za matawi. Tunaondoka alfajiri, mimi na mzee, kwenye kiti kimoja kirefu cha pikapu, vumbi letu moja. Yeye ana daftari la gari: saa ya kutoka, kilomita, saa ya kufika, sahihi. Mimi ninasaini kitabu cha mahudhurio nikishafika tawini. Kwa hiyo siku yake inaanza alfajiri, yangu inaanza getini, na tumetoka pamoja. Nikalipeleka kwa mhasibu mkuu. Akaniambia mbele ya watu, "Wewe huko njiani ulikuwa umekaa tu." Nikamjibu, "Na dereva naye alikuwa amekaa." Ofisi nzima ilicheka, wa mwisho akiwa yeye mwenyewe. Jibu hilo mpaka leo nalionea fahari, na mtanisamehe kwa mara zote nilizolisimulia.

Ambalo silisimulii ni la baada ya hapo. Walitaka ushahidi. Mzee, bila kuombwa, akalifungua daftari lake juu ya boneti akanisomea mstari kwa mstari, kidole chenye ukucha uliopasuka kikifuata saa za kutoka, mimi nikinakili. Nikafidiwa siku za mapumziko. Haukupita muda, mzee akahamishiwa lori la masafa. Barua yake ilisema ni kwa "mahitaji ya shughuli". Alipokuja kuaga ndiyo siku aliyokufundisha kufunga kamba za viatu, umekaa kizingitini.

Sasa ukiniambia mkataba wako nao una "muda wa ziada kulingana na mahitaji ya shughuli", unafikiri nitalala?

Baba yako anasema lori lilikuwa linatafuta dereva kweli. Huenda. Lilikuwa limeegeshwa uani muda mrefu, hilo siwezi kubisha. Lakini mbona lisimpate mtu mpaka wiki zile? Wakati mwingine najiambia ningenyamaza, mzee angebaki karibu na wajukuu zake. Halafu najijibu: ningenyamaza, ningeamka alfajiri kwa miaka na miaka kwa ajili ya mtu asiyekubali kwamba nimeamka. Na daftari alilifungua yeye. Hapo huwa nakwama, kisha naanza upya.

Ndiyo maana nakusihi: kumbukumbu ziwe zako, si za mwenzako. Andika saa uliyofunga mlango, saa uliyofika, aliyekutuma, na ujumbe aliokutumia nao usiufute. Andika siku hiyo hiyo. Kumbukumbu ya kukusanywa mwisho wa mwezi hunuka uongo hata ikiwa kweli. Kisha uliza kama mtu anayejaza fomu: "Saa za safari ya Jumapili tunazijaza wapi?" Swali la fomu halimkasirishi mtu, na jibu lake, vyovyote litakavyokuwa, linakuwa msimamo wao. Wakikujibu kwa mdomo, tuma barua pepe fupi, "kama tulivyozungumza". Na kama fedha hawana, mara nyingi Jumatatu mchana wanayo: omba mapumziko ya kufidia.

La kutoka saa tatu usiku silichanganyi na hilo. Piga hesabu: saa mbili asubuhi mpaka saa tatu usiku, ukitoa saa moja ya chakula, mara siku tano, ni saa 60 kabla Jumapili haijaingia. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na hilo la Kazi walitoa utafiti kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa takriban asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17. Wewe kiharusi cha babu yako ulikiona. Na usiendeshe gari mwenyewe baada ya siku ya namna hiyo, hata wakikupa funguo kama zawadi.

Sasa unangoja niseme: sema, au nyamaza. Ulimi unaniwasha. Katika matazamio wanaweza kukuacha kwa notisi fupi, na kodi ya nyumba ni wewe unayelipa, kwa hiyo sitasema. Lakini kampuni inayokula Jumapili za mgeni wake, mwenyeji itamwachia nini? Hilo ni swali tu, si ushauri. Baba yako amesoma juu ya bega langu, anasema ni ushauri.

Piga picha ukurasa wenye saa za kazi na ule unaotaja kituo chako cha kazi, uzitume leo. Tuma kwangu kwanza. Ukimtumia yeye ataanza na maandishi madogo ya chini, nasi tutakuwa tumekesha bure.

Mama yako