Mawimbi yakianguka, sema

Jumanne nilisimama thieta nyuma ya kijana wetu mmoja, kwenye kazi yetu ya kufuatilia mishipa ya fahamu mgonjwa anapopasuliwa mgongo. MEP, wimbi la amri inayotoka ubongoni kwenda kwenye misuli, ya mguu wa kulia inashuka, naye anabonyezabonyeza waya kimyakimya kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Nikajiona mwenyewe miaka tisa iliyopita. Basi wadogo zangu, kabla hamjanipandisha presha:

1. Chukua mawimbi ya mwanzo mgonjwa akiwa chali, kisha tena akishageuzwa kifudifudi. La sivyo mkono uliolaliwa vibaya utakuhangaisha saa nzima.

2. Ongea na mtu wa usingizi asubuhi, si ngozi ikishachanwa. Propofoli na remifentanili, dawa za mshipani za usingizi na maumivu, kwenye pampu. Sevoflureni, ile dawa ya kuvuta, inaizimisha MEP, na dawa ya kulegeza misuli iishie pale pa kuweka mrija wa kupumulia. Kitambaa cha gozi kilichoviringishwa kikae kati ya magego, pande zote mbili, maana umeme wa MEP huyabana meno. Kuna mgonjwa wetu aliamka mgongo safi, ulimi umechanika. Mama yake akauliza, "Kwani mlikuwa mnampasua wapi?"

3. Sema. Hapa nitakaa kidogo.

Alikuwa binti wa miaka 14, mgongo umepinda kama herufi S. Skrubu zote zimeingia vizuri, bosi, daktari mpasuaji, akaanza kuzungusha rodi ili kuunyoosha. MEP ya mguu wa kushoto ikapotea. SSEP, wimbi la hisia linalopanda kutoka mguuni hadi ubongoni, haikutikisika, nami nikajifariji kwamba kama SSEP iko, uti uko salama. Mtihani nilishaupasi kwa kuandika mwenyewe kwamba SSEP inapita sehemu ya nyuma ya uti, na amri za misuli zinapita njia nyingine inayolishwa na mshipa mwingine wa damu! Nikabadilisha sindano. Nikapandisha volti. Asubuhi ileile bosi alikuwa amenifokea kwa kumsimamisha bure, na sikutaka kufokewa mara ya pili. Sista ndiye aliyeuliza, "Kaka, mbona jasho linakutoka?"

Nikasema. Bosi hakufoka. Akauliza, "Tangu lini?"

"Sasa hivi."

Zilikuwa dakika 11.

Akalegeza rodi. Wastani wa presha ulikuwa 61, ukapandishwa hadi 85, damu ikatundikwa. Kisha tukamwamsha mezani, kipimo kile cha Wafaransa cha mwaka 1973. "Mwanangu, chezesha vidole vya miguu." Vya kulia vikacheza. Vya kushoto vikatulia tu. Nimeshaona mengi thieta, ila ile miguu miwili chini ya shuka la kijani bado naiona.

Rodi zikatolewa. Binti alitoka wodini na fremu ya kutembelea, akaiacha baada ya miezi minne. Wiki ya pili nilimfuata bosi ofisini nikamwambia kuhusu zile dakika 11. Hakuinua hata kichwa kwenye makaratasi yake. "Najua. Mashine yako inaandika saa."

4. SSEP ikishuka nusu, au ikichelewa kwa asilimia 10, usisubiri ithibitike: toa taarifa kwanza, kisha kagua waya, presha, joto la mwili na pampu za dawa.

5. Bosi akikufokea kwa taarifa iliyoonekana ya bure, njoo unywe chai kwangu.

Kijana wa Jumanne? Sindano ilikuwa imechomoka, basi. Nilimlazimisha alitangaze hata hilo, chumba kizima kikasimama kumsikiliza, masikio yakamwiva.